Povu Linakwenda Wapi? Historia ya Sabuni Katika Miji ya Mlima Kenya

Kama umeketi kando ya karai la nguo, vizuri zaidi, maana leo tunazungumza juu ya kile kilichomo ndani ya karai hilo.

Kila siku, kutoka Nyeri hadi Karatina, kutoka Kerugoya hadi Nanyuki, akina mama wanafua, wanaosha vyombo, wanaogesha watoto na kupiga deki. Kazi ikiisha, maji yenye povu yanamwagwa. Je, umewahi kujiuliza povu hilo linakwenda wapi? Jibu ni kwamba linakwenda mahali patatu: kwenye ngozi ya mikono yako na ya mtoto, kwenye mto, na wakati mwingine, kwa bahati mbaya, kinywani mwa mtoto. Ili tuelewe hatari iko wapi na haiko wapi, tuanze na historia.

KABLA YA SABUNI KUFIKA

Kina cucu wetu wa zamani waliishi bila sabuni ya dukani. Vyungu na vibuyu vilisuguliwa kwa jivu la kuni. Mwili ulipakwa mafuta ya mbarika. Nguo zilikuwa za ngozi ya mbuzi au ya kondoo, na ngozi haifuliwi kila wiki kama shati la pamba.

Lakini usidhani hawakujua kitu. Maelfu ya miaka iliyopita, watu wa Babeli, katika nchi tunayoita leo Iraki, waligundua kwamba mafuta yakichemshwa pamoja na maji ya jivu hugeuka kuwa sabuni. Kwa hiyo mama aliyesugua chungu chenye mafuta kwa jivu na maji ya moto alikuwa akitengeneza sabuni kidogo bila kuiita kwa jina hilo.

Jina lenyewe lilitoka mbali. "Sabuni" ni neno la Kiarabu lililofika pwani yetu pamoja na bidhaa za mashua, kisha likapanda bara. Lilipofika mlimani, Wakikuyu wakaliita "thabuni".

SABUNI YA KIPANDE YAPANDA MLIMA

Mji wa Nyeri ulianzishwa mwaka 1902 kama kituo cha serikali ya kikoloni. Mwaka huohuo wamishonari wa Consolata walifika nchi ya Wakikuyu, na baada ya muda mfupi wakawa Nyeri. Mwaka 1908 wamishonari wa Scotland wakaanzisha kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina. Shule na hospitali zikafuata, na pamoja nazo nguo za pamba. Hapo ndipo mahitaji ya sabuni yalipoongezeka. Shati jeupe la shule likichafuka, jivu haliwezi kulirudisha. Reli ilipofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, mizigo ya dukani, sabuni ikiwemo, ilifika kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, kwa muda mrefu sabuni ilikuwa kitu cha kupimiwa. Usishangae. Uingereza yenyewe ilitoza ushuru wa sabuni hadi mwaka 1853, na maskini wa huko walioga bila sabuni kwa sababu hiyo.

Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa, na vikundi vyake vikafundisha usafi, malezi ya watoto, upishi na ushonaji. Lakini mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kati ya Kenya walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Nyumba zilibanana, maji yalichotwa kwa saa za kupangiwa, na magonjwa yakaenea. Mama aliyefundishwa kunawa hakuwa na maji ya kunawia. Tujifunze hapo: sabuni bila maji ya kutosha na bila nafasi ya kutosha haiwezi kulinda mtoto peke yake.

Baada ya uhuru, sabuni ya kipande ilianza kutengenezwa kwa wingi nchini. Nyeri ina sehemu yake katika historia hiyo. Kampuni ya Bidco ilianza mjini Nyeri mwaka 1970 kama kiwanda cha nguo. Mwaka 1985 ikaingia katika kazi ya sabuni, na mwaka 1991 ikaanza kutengeneza mafuta ya kupikia huko Thika. Nguo, sabuni na mafuta: ni safari ileile tuliyoieleza, maana nguo huhitaji sabuni, na sabuni hutokana na mafuta.

SABUNI INAFANYAJE KAZI?

Maji na mafuta hayapatani. Mwaga maji kwenye sahani yenye mafuta, yatateleza yaende zake. Sabuni ni kama mpatanishi. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu, kichwa hushika maji, nao uchafu unang'oka na kuondoka na maji. Wataalamu huita kitu chenye tabia hii safaktanti. Iko katika sabuni ya kipande, ya unga na ya maji, na katika shampuu na dawa ya meno.

Virusi vya korona vilipofika Kenya mwezi wa Machi mwaka 2020, tuliambiwa tunawe mikono kwa sababu hiyohiyo. Virusi hivyo vimevikwa tabaka la mafuta, na mkia wa sabuni hulipasua.

Faida ya sabuni kwa watoto si maneno tu. Huko Karachi, Pakistani, watafiti walizigawia familia za mitaa ya mabanda sabuni na kuzihimiza kunawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa nusu, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 kukapungua kwa zaidi kidogo ya nusu. Tena, sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile iliyotiwa dawa ya kuua viini. Kwa hiyo, mama, usijinyime ukidhani sabuni ya bei ndogo haifai. Marekani yenyewe iliamua mwaka 2016 kwamba sabuni za kunawa zenye triklosani zisiuzwe tena, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida.

SABUNI YA UNGA NA MILIMA YA POVU

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Ujerumani ilikosa mafuta ya kutengenezea sabuni. Wanakemia wake wakatafuta njia nyingine, na mwaka 1916 wakapata safaktanti ya kutengenezwa na binadamu. Baada ya vita vya pili, mafuta ya petroli yakawa malighafi ya sabuni za unga, na zikaenea duniani. Zilipendwa kwa sababu zinatoa povu hata katika maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, ambayo huifanya sabuni ya kipande kuganda kama maziwa yaliyoharibika. Kwetu mlimani, vijito vingi vina maji laini na sabuni ya kipande hutoa povu bila shida. Hata hivyo sabuni ya unga ilishinda, kwa kuwa hurahisisha kazi ya kuloweka.

Lakini tatizo likajitokeza. Katika miaka ya 1950, mito ya Ulaya na Marekani ilianza kufunikwa na povu. Huko Ujerumani, mito kama Neckar ilibeba milima ya povu, na sehemu nyingine maji ya bomba yalitoka yakitoa povu kwenye glasi. Kwa nini? Chembe za sabuni zile zilikuwa na mikia yenye matawi kama mti wa mwiba. Bakteria wa mtoni, ambao kazi yao ni kula uchafu, hawakuweza kuzitafuna.

Watu walilalamika, na malalamiko yakazaa sheria. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1961, na kuanzia 1964 safaktanti ngumu hazikuruhusiwa. Viwanda vya Marekani vikabadilika kufikia mwaka 1965. Sabuni mpya ilipewa mkia ulionyooka, ambao bakteria huutafuna kuanzia mwisho hadi mwanzo. Aina hiyo ndiyo iliyomo katika sabuni nyingi za unga tunazotumia leo.

Kenya nayo haikusahau. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zilitaja kundi hili la kemikali kwa jina. Zilisema kwamba maji ya mto yanayochotwa kwa matumizi ya nyumbani yasiwe nayo zaidi ya nusu miligramu kwa lita moja.

SOMO KUTOKA ADWA

Labda utasema, "Basi nitatumia sabuni ya asili, hiyo haina madhara." Ngoja nikusimulie jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Ethiopia. Wanawake wa huko kwa miaka mingi walifulia matunda ya mmea uitwao endod, ambao hutoa povu kama sabuni. Mwaka 1964, mwanasayansi Aklilu Lemma alikuwa akichunguza konokono wanaobeba kichocho katika mji wa Adwa. Aliona kwamba chini ya mahali ambapo wanawake walikuwa wakifua, konokono wengi walikuwa wamekufa. Povu la endod ndilo lililowaua. Yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya kimataifa mwaka 1989 kwa kazi hiyo.

Habari hiyo ina pande mbili. Kwa anayepigana na kichocho, ni habari njema. Lakini inatufundisha pia kwamba povu lolote, la dukani au la porini, huua viumbe wadogo wa majini likiwa jingi mahali pamoja. Mmea huo unaota pia katika nyanda za juu za Kenya, na matunda yake ni sumu yakiliwa. Usiwaache watoto wayachezee.

POVU MTONI KWETU

Sasa turudi kwenye mito yetu. Chania ya Nyeri, Gura na Ragati hupeleka maji yake Sagana, na Sagana ndiyo huwa Tana, inayopita Masinga na Garissa hadi Bahari ya Hindi. Mito ya Nanyuki na Liki huenda Ewaso Ng'iro, kwa wafugaji wa kaskazini. Sisi tunaokaa mlimani tuko juu ya wote. Ukimwaga povu mtoni asubuhi, kuna mama wa chini anayechota maji hayohayo ampikie mtoto uji.

Mwaka 1905 samaki aina ya trauti waliletwa kutoka ng'ambo na kutiwa katika mto Gura, na mwaka 1948 kituo cha kuwazalisha kikajengwa Kiganjo. Trauti wanahitaji maji baridi na safi. Safaktanti, hata kidogo, huharibu matamvua yao, yaani viungo vya kupumulia. Na kwa kuwa maji ya mlimani ni baridi, bakteria hufanya kazi polepole. Sabuni ambayo ingetafunwa haraka katika maji ya joto husafiri mbali zaidi kabla ya kwisha.

Si haki kumlaumu mama wa karai peke yake. Maji taka ya choo, dawa za shambani, maji ya viwanda vya kahawa, na magari na pikipiki zinazooshwa kandokando ya mto huchafua pia. Lakini karai ni letu, na tunaweza kuanzia hapo bila kungoja mtu:

1. Chota maji, ufulie mbali na mto, angalau hatua 50. Usifulie ndani ya mto wala usisuuzie humo.
2. Maji ya povu yamwage kwenye udongo, chini ya migomba au kwenye nyasi. Udongo una bakteria wengi kuliko maji. Badilisha mahali mara kwa mara, kwa kuwa chumvi ya sabuni hugandisha udongo. Usimwagie sukumawiki wala mboga nyingine za majani.
3. Maji yenye jiki usimwagie mimea.
4. Pima sabuni. Povu jingi si usafi mwingi. Linahitaji tu maji mengi zaidi ya kusuuza.

CHUPA ISIYO NA JINA

Sasa tufike kwenye hatari kubwa kuliko zote, na iko ndani ya nyumba.

Katika miaka ya karibuni, vijana na vikundi vingi vya akina mama vimejifunza kutengeneza sabuni ya maji. Malighafi hununuliwa dukani kwa majina kama Ungerol na Ufacid, pamoja na magadi soda na rangi. Ni kazi nzuri, na imelipa karo ya watoto wengi. Hatuisemi vibaya. Lakini sabuni hiyo mara nyingi huuzwa katika chupa zilizokuwa za soda, maji au juisi, bila karatasi ya maelezo. Ni ya kijani au ya rangi ya chungwa, na inanukia ndimu.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 2. Hajui kusoma. Anajua tu kwamba chupa ya umbo lile siku ya Krismasi ilikuwa na kitu kitamu. Anaifungua na kunywa. Kama ni sabuni ya vyombo, huenda akatapika, na povu likiingia kwenye mapafu atashindwa kupumua vizuri. Kama ni kostiki soda au dawa ya choo yenye asidi, itamuunguza koo na umio kwa dakika chache. Kovu lake hubana njia ya chakula, na mtoto huyo anaweza kuhangaika na hospitali kwa miaka.

Kwa hiyo, mama:

- Usiweke kamwe sabuni, jiki, kostiki soda wala mafuta ya taa katika chupa ya kinywaji. Ukinunua ya kupimiwa, nenda na chombo chako maalumu, ukiandike na kukichora alama ya hatari.
- Weka juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Chini ya sinki au ya meza si mahali salama.
- Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.
- Kama unatengeneza sabuni, fanyia kazi nje, uvae glavu na miwani, na watoto wawe mbali. Tia kostiki soda ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, yataruka. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwa kuwa kostiki huila na kutoa gesi inayoweza kulipuka.
- Usitie formalini. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.
- Ukinunua, tafuta alama ya KEBS na jina la mtengenezaji.

MTOTO AKIMEZA, UFANYE NINI?

Usimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe ndimu, siki wala mafuta, na usimjaze maziwa ukidhani ni dawa. Mfute mdomo, msukutue kwa maji safi, mvue nguo zilizolowa, kisha mpeleke hospitali mara moja. Nenda na chupa yenyewe ili daktari ajue amekunywa nini. Usingoje kuona dalili.

Ikiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukoma, ndipo uende hospitali. Akivuta gesi, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mpeleke kwa daktari.

NA NGOZI JE?

Ngozi yetu ina asidi kidogo, ilhali sabuni ya kipande ina tabia ya magadi. Ndiyo maana mikono ya anayefua kila siku hukauka na kupasuka. Jisuuze vizuri, jikaushe, upake mafuta. Mtoto mchanga usimwogeshe kwa sabuni ya unga wala ya vyombo. Maji safi na sabuni laini kidogo yanatosha. Nepi zake zisuuze mara mbili, mpaka maji yasiteleze tena mkononi.

TUMALIZIE

Historia imetuonyesha kwamba sabuni ni rafiki aliyewaokoa watoto wengi, na tusimfukuze. Imetuonyesha pia kwamba povu halipotei kwa sababu tu hatulioni tena. Huko Ujerumani, watu walilifuata mpaka mtoni, wakalalamika, na sabuni ikabadilishwa. Sisi nasi tulifuate povu letu, kutoka kwenye chupa hadi kwenye karai, na kutoka kwenye karai hadi kwenye udongo.

Kabla hujalala leo, fanya jambo moja. Shika taa, uzunguke jikoni na chooni, utafute chupa isiyo na jina. Ukiipata, iandike na uipandishe juu. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji yetu ya kufulia tunamwaga wapi? Nani anachota maji chini yetu?
2. Ni chupa gani za vinywaji nyumbani kwetu zina vitu visivyo vinywaji?
3. Kikundi chetu kikitengeneza sabuni, tutaandika nini kwenye chupa?
4. Hospitali ya karibu ni ipi, na usiku tutafikaje huko?

Mpaka mazungumzo yajayo, nawa mikono na umtunze mtoto.